Sikiliza Kabla ya Kulipa: Namna ya Kuchagua Kompyuta Mpakato ya Bei Nafuu kwa Mtu Asiyeona

Ukiingia katika duka la kompyuta hapa mjini Tabora na kusema kwamba unatafuta kompyuta mpakato, muuzaji ataanza kwa kukisifia kioo. Atakueleza kwamba ni kipana, kwamba kinang'aa, kwamba picha zake zimetulia, na bei atakayokutajia itakuwa imebeba sifa hizo zote. Kwa mtu anayetumia kisoma skrini, yaani programu inayoyageuza maandishi ya kwenye skrini kuwa sauti, hizo ni fedha anazolipia kitu asichokitumia. Mwongozo huu umeandikwa na mtu asiyeona kwa ajili ya wenzake, na pia kwa wazazi, walimu na ndugu ambao mara nyingi ndio wanaotumwa dukani. Na shabaha yake ni kwamba fedha kidogo uliyonayo iende kwenye vile vitu ambavyo sauti inavitegemea, na isitoke mfukoni kabla mashine haijazungumza mbele yako.

Hatua ya kwanza: chagua sauti kabla ya kuchagua mashine

Wengi huanza na kompyuta, kisha wakafika nyumbani na kuuliza ni programu gani itaingia. Utaratibu huo ugeuzwe. Kwa mwenye bajeti ndogo jibu langu ni NVDA, kisoma skrini kilichoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, na baadaye akaungana na James Teh, naye pia asiyeona. Programu hii haiuzwi: inapakuliwa bure, inatumika kazini, shuleni na nyumbani bila leseni ya kulipia, na mtu yeyote atakayekudai fedha ya "leseni ya NVDA" anakuibia. Inafanya kazi ndani ya Windows peke yake, na jambo hilo moja linatosha kupunguza mashine za kuzifikiria.

Ipo pia JAWS, ambayo ni programu nzuri na ya siku nyingi, lakini leseni yake ya kudumu inaweza kuizidi bei ya kompyuta yenyewe ya mtumba; usiipange katika bajeti isipokuwa mwajiri au chuo kinailipia. Windows ina kisoma skrini chake cha ndani kinachoitwa Narrator, ambacho unakiamsha kwa kubonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Control na Enter. Mimi sikitumii kwa kazi za kila siku, lakini ni msaada mkubwa siku ambayo NVDA haijaingia au imegoma. Kompyuta za Chromebook zina ChromeVox na zile za Apple zina VoiceOver, ila NVDA haiingii katika yoyote kati ya hizo, na kwa kuwa wenzetu wengi hapa hujifunza kwa kuelekezana, kuwa na programu tofauti na ya jirani yako ni kujitenga na msaada.

Kuhusu Kiswahili, NVDA huja na sauti iitwayo eSpeak NG, ambayo ina Kiswahili miongoni mwa lugha zake. Sauti hiyo ni ya kibati, na anayeisikia mara ya kwanza hukunja uso, lakini ni nyepesi, haihitaji intaneti, na inajibu papo hapo hata kwenye mashine dhaifu. Wakati wa kuijaribu kompyuta, hakikisha unaijua njia ya kuibadili sauti kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, kwa sababu barua ya Kiswahili ikisomwa kwa sauti ya Kiingereza utadhani spika imeharibika. Kwa kusoma makala ndefu ukiwa na intaneti, kivinjari cha Edge kina sauti mbili za Kiswahili cha Tanzania, Rehema na Daudi, ambazo zinapendeza zaidi masikioni. Hizo lakini zinakusomea ukurasa tu, haziwezi kukuongoza ndani ya kompyuta.

Hatua ya pili: zijue namba tatu za kuuliza

Namba ya kwanza ni ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na hapa ndipo watu wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Muuzaji atasema "hii ni Core i5" kana kwamba amemaliza, ilhali i5 zimetengenezwa kwa miaka mingi na tofauti kati ya ya zamani na ya karibuni ni kubwa. Muulize namba inayofuata baada ya kistari. Ikiwa ni i5-6300U, tarakimu ya kwanza ni 6, maana yake ni kizazi cha sita. Ikiwa ni i5-8250U, ni kizazi cha nane. Na ikiwa ni i5-10210U, zisome tarakimu mbili za mwanzo, ni kizazi cha kumi. Kwa nini izingatiwe? Kwa sababu Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa mashine zenye prosesa za Intel inakubali rasmi, kwa jumla, kuanzia kizazi cha nane. Mafundi wanazo mbinu za kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine ya kizazi cha sita, nayo itaingia na itaongea, lakini siku sasisho kubwa litakapokataa utabaki unamtafuta fundi yuleyule.

Namba ya pili ni RAM, yaani kumbukumbu ambayo programu huitumia zikiwa kazini. NVDA yenyewe haili sana. Wanaokula ni Windows na kivinjari. Windows 11 inadai angalau GB 4, na kwenye kiasi hicho utaipata sauti, lakini itakuwa inakwama katikati ya sentensi kila unapofungua ukurasa mzito. Mtu anayeona akikwama hivyo hutazama kiduara kinachozunguka akajua asubiri, ilhali wewe utaachwa katika ukimya usiojua kama ni kusubiri au ni kuharibikiwa. Kwa hiyo chukua GB 8. Zaidi ya hapo si lazima.

Namba ya tatu ni aina ya diski. Diski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka, hufanya kompyuta iwake kwa kujikokota na NVDA ichelewe kuanza kuzungumza. Diski ya SSD haina sehemu inayozunguka, inawasha mashine haraka na inavumilia mtikisiko wa basi na bajaji. SSD ya GB 256 inatosha mwanafunzi au mwalimu. Ukiambiwa GB 500 za diski ya zamani kwa bei ileile, usishawishike na ukubwa.

Kutokana na namba hizi, ushauri wangu kwa mtu wa bajeti ndogo ni kompyuta ya mtumba iliyotengenezwa kwa ajili ya ofisi, kama HP EliteBook 840 G5, Dell Latitude 7490 au Lenovo ThinkPad T480, ambazo kwa kawaida huwa na prosesa za kizazi cha nane, ingawa zipo zilizotoka na za kizazi cha saba. Ninazipendelea kuliko kompyuta mpya za bei ya chini zenye prosesa dhaifu iitwayo Celeron, na ninasema hivyo kwa sababu ya kilichonipata.

Kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa mpya, ndani ya boksi, nyembamba na nyepesi, yenye Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Muuzaji aliniambia, "Mwalimu, hii hujapata kuona," na kwa hilo alisema kweli. Sikuijaribu kwa sababu niliona aibu kufungua boksi la mtu. Nilipofika nyumbani NVDA ilikataa kuingia, na nikamlipa fundi ili aiingize. Miezi kadhaa baadaye ndipo nilipoelewa kwamba mashine ilikuwa na Windows katika hali iitwayo S, ambayo haikubali programu yoyote isiyotoka katika duka la Microsoft, na kwamba kutoka katika hali hiyo ni bure, ndani ya duka hilohilo, kwa mwenye intaneti na akaunti. Nililipia kitu cha bure kwa sababu tu sikuwa na flashi mfukoni siku ile.

Hatua ya tatu: andaa flashi kabla ya kutoka nyumbani

NVDA ina uwezo wa kutengeneza nakala inayobebeka, yaani nakala inayoendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa katika kompyuta ya mtu. Tumia kompyuta ya rafiki, ya shule au ya kituo cha intaneti: pakua NVDA, iendeshe, kisha chagua kutengeneza nakala inayobebeka na uielekeze kwenye flashi. Weka humo pia faili la kusakinishia, kwa sababu utalihitaji baadaye, pamoja na barua moja ya Kiswahili na faili moja la sauti unalolifahamu vizuri. Chukua hedifoni za waya. Hedifoni za Bluetooth zisitumike kwenye majaribio, kwani nyingi huichelewesha sauti kidogo, nawe hutajua kama uzito ni wa kompyuta au ni wa hedifoni.

Mtafute pia mtu anayeona utakayekwenda naye, na mpangiane kazi mapema. Yeye ataangalia mipasuko, bawaba na mambo ambayo hayasemi. Kibodi na sauti ni zako. Nimewahi kwenda na binamu yangu aliyeshika kompyuta tangu mlangoni hadi kwenye malipo, na mimi nikaishia kushika risiti.

Hatua ya nne: majaribio ya dukani

Omba kompyuta izimwe kabisa, kisha iwashwe upya ukiwa umeishika. Wauzaji hupenda uzikute tayari zimewaka, na hapo huwezi kujua muda inaochukua kuamka. Ikifika kwenye ukurasa wa kuingilia, iamshe Narrator kwa vitufe nilivyovitaja. Ikijibu, umejua kwamba spika na programu zinazoendesha sauti vipo hai. Ikinyamaza, usikubali maneno ya "sauti tutaweka baadaye". Mara nyingi fundi huwa ameisafisha mashine na kuweka Windows mpya bila draiva za sauti, jambo ambalo hurekebishika, lakini lirekebishwe hapohapo ukiwa umesimama.

Chomeka flashi na uendeshe NVDA. Hatua hii peke yake itakufichulia hali ya S, kwa kuwa mashine yenye hali hiyo itakataa. NVDA ikianza kuzungumza, nenda kwenye jaribio ambalo kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote, nalo ni la kibodi. Bonyeza kitufe cha NVDA, ambacho kwa kawaida ni Insert, pamoja na 1, na programu itaingia katika hali ya kujifunza vitufe: kila utakachobonyeza kitatajwa jina bila kufanya kazi yake. Pita kibodi nzima, kitufe kimoja baada ya kingine, kuanzia Escape hadi mishale. Kitufe kisichotajwa kimekufa. Kinachotajwa mara mbili kwa kubonyezwa mara moja kinaelekea kufa, na kitakuharibia kila neno la siri utakaloandika.

Ukiwa katika hali hiyo, tafuta Insert, Home, End, Page Up na Page Down. NVDA hutumia Insert kama kitufe chake kikuu, na kwenye kompyuta nyingi nyembamba kitufe hicho kimefichwa juu ya kingine, hivyo unalazimika kushika Fn kwanza. NVDA inaruhusu Caps Lock itumike badala yake, kwa hiyo kukosekana kwa Insert si sababu ya kuikataa mashine, ila Home na End zikiwa za kutafuta kwa vidole viwili utachoka. Gusa F na J usikie kama vinundu vyake bado vipo. Kwenye mitumba iliyotumika sana huwa vimelika. Sisi tuliojifunza kwenye mashine ya nukta nundu, kama wanavyojifunza watoto wa Shule ya Msingi Furaha hapa Tabora, tuna vidole vinavyokumbuka nafasi, na kibodi yenye mpangilio wa ajabu hutuchosha kuliko inavyomchosha anayetazama. Kwa mfano, ThinkPad T480 imeweka Fn kwenye kona ya chini kushoto, mahali ambapo wengine huweka Control. Inazoeleka, lakini uijue kabla ya kununua. Ukipenda mpangilio wa NVDA unaotumia namba za pembeni, itakubidi utafute kompyuta ya inchi 15 yenye namba hizo, nayo itakuwa nzito zaidi begani.

Baada ya kibodi, pima wepesi wa sauti. Fungua barua ndefu au ukurasa wa wavuti kwenye kompyuta ukitumia intaneti ya simu yako, amuru usomwe wote, kisha bonyeza Control. Sauti inatakiwa ikatike palepale, kama mtu aliyezibwa mdomo. Shuka kwa mshale wa chini haraka haraka na usikilize kama sauti inakufuata au inabaki nyuma ikitaja mistari uliyokwisha kuipita. Chomeka hedifoni, zungusha plagi taratibu, na usikilize kama upande mmoja unapotea, kwa sababu tundu la hedifoni la mtumba huwa limelegea, nawe ndilo utakalotumia darasani na ofisini kila siku.

Sasa hakiki zile namba tatu kwa masikio yako mwenyewe. Bonyeza Windows na X, kisha Y, na usome ukurasa unaofunguka: utatajiwa prosesa pamoja na namba yake kamili, na RAM. Kwa diski, bonyeza Windows na R, andika dfrgui, kisha Enter. Katika orodha itakayofunguka utasikia "Solid state drive" kama ni SSD, au "Hard disk drive" kama ni ya zamani. Stika iliyobandikwa kwenye mwili isikutulize, inabandikwa na kubanduliwa.

Betri nayo inasema ukweli wake ukiiuliza vizuri. Bonyeza Windows na R, andika cmd, Enter, kisha andika powercfg /batteryreport na Enter tena. Kompyuta itatengeneza ripoti na kukutajia mahali ilipoihifadhi. Ifungue kwa kivinjari na utafute maneno "Design capacity", ambacho ni kiasi betri ilichoundiwa kubeba, na "Full charge capacity", ambacho ni kiasi inachobeba leo. Ikiwa ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 20,000, betri imebakiwa na asilimia 40 ya uwezo wake, na hapo una hoja ya kupunguziwa bei. Umeme ukikatika katikati ya kazi, betri ndiyo itakayokubeba. T480 ina betri mbili, moja ya nje inayobadilishwa bila kufungua mashine, na inachajiwa kwa chaja ya USB-C, ambayo inapatikana kwa urahisi ikipotea.

Mwachie mwenzako jambo moja la mwisho. Ukurasa wa mipangilio ya ndani, ule unaofunguka kabla ya Windows kuanza, hauna sauti ya kisoma skrini. Aingie humo na kuona kama umefungwa kwa neno la siri la kampuni iliyoimiliki mashine zamani. Ukiwa umefungwa, achana nayo.

Hatua ya tano: jua pa kupunguza bei

Mwili uliochubuka, kamera mbovu, kisoma alama za vidole kisichofanya kazi, kioo chenye doa au mstari: vyote hivi hupunguza bei kwa anayeona na havikupunguzii wewe chochote, kwa hiyo vitumie kupatana. Hata kioo kilichopasuka kinaweza kukubalika, kwa sharti moja. Kisiwe cha kugusa, maana kioo cha kugusa kilichopasuka kinaweza kujibonyeza chenyewe na kukurusha kutoka dirisha moja kwenda jingine bila sababu unayoijua. Hakikisha pia tundu la HDMI ni zima, ili siku utakapohitaji msaada wa anayeona, mashine iunganishwe kwenye televisheni. Mwenye uoni hafifu anayetumia ukuzaji wa maandishi asifuate aya hii, kwake kioo ni cha maana.

Hatua ya sita: ukinunua kutoka mbali

Uchaguzi wa hapa mjini ni mdogo, na wengi wetu huagiza Kariakoo au Mwanza, mzigo ukaja kwa basi. Usitume fedha kwa picha, ambazo hata hivyo huzioni. Mwombe muuzaji apakue NVDA, aiendeshe, akupigie simu na kuiweka karibu na spika, kisha mwelekeze abonyeze Windows na X, halafu Y, na ashuke kwa mshale huku wewe ukisikiliza. Muuzaji anayekataa kutumia dakika kumi kwa ajili hiyo hatakuwa na dakika kumi za kushughulikia malalamiko yako. Mwambie pia aandike kwenye risiti namba kamili ya prosesa, RAM, aina ya diski na muda wa kurudisha, na umtumie mtu unayemwamini akusomee risiti hiyo kabla ya malipo.

Hatua ya saba: siku ya kwanza nyumbani

Sakinisha NVDA kutoka kwenye faili ulilobeba, na kwenye dirisha la ukaribisho chagua Caps Lock iwe kitufe cha NVDA na programu ianze yenyewe unapoingia. Fanya masasisho ya Windows wakati umeme upo na chaja imechomekwa, kisha washa upya na usikilize kama sauti bado ipo. Punguza mwanga wa kioo hadi mwisho, betri itadumu zaidi. Kibao cha mguso kilicho mbele ya kibodi kizime kwenye mipangilio, kwani kiganja kikikigusa mshale huruka, nawe utajikuta unaandika mahali pengine. Flashi ile usiifute na usimwazime mtu. Iwekwe kwenye mkoba wa kompyuta, ndani ya mfuko wa chaja, ambako mkono utaipata bila kutafuta.